Roboti, Mguu wa Bandia na Maji ya Meru

Neno roboti limekwisha kuingia katika mazungumzo ya watu wetu, barazani na maofisini, na kila linapotajwa wasikilizaji hugawanyika. Wako wanaolishangilia kama watoto walioona gari la kwanza kijijini, na wako wanaosema kuwa hiyo ndiyo dalili ya mwisho wa kazi za watu, pengine na mwisho wa dunia yenyewe. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zazungumzia jambo lililo mbali, ilhali la karibu limeachwa. Chuma, plastiki na umeme vimo tayari ndani ya miili ya ndugu zetu. Yuko anayetembea kwa mguu uliotengenezwa karakana, yuko ambaye moyo wake hupigishwa na betri, na yuko mtoto anayesikia sauti ya mama yake kwa kifaa kilichopandikizwa sikioni. Namna jamii inavyowapokea watu hawa itatueleza zaidi namna itakavyoipokea roboti kuliko mabishano yote ya barazani.

Kwa ajili hiyo twamwomba msomaji wa Unguja na Pemba atuvumilie tukimpeleka Bara kidogo, hadi Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Aghalabu mji huo hukumbukwa kwa Azimio la 1967, kwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa watalii wanaopita kwenda mbugani. Lakini ni mji wa mafundi pia. Shirika la TEMDO, linalosanifu mashine na vifaa vya viwandani na hospitalini, lilianzishwa huko mwaka 1980, na CAMARTEC, linaloshughulikia zana za kilimo na ufundi wa vijijini, likafuata mwaka 1981. Ni mji unaojua mashine inavyozaliwa, na pia inavyokufa: kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichowalisha wengi kilinyamaza mwishoni mwa miaka ya 2000.

Tuanze na neno lenyewe. Roboti halikutoka katika vitabu vya sayansi. Lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapishwa mwaka 1920, na katika lugha yake shina la neno hilo ni kazi ya kulazimishwa. Katika Kiswahili chetu cha mwambao neno lililo jirani nalo ni shokoa. Katika mchezo ule watumishi wa kutengenezwa huwaasi mabwana zao na kuwaangamiza. Basi mtu wa Ulaya alipolisikia neno hili mara ya kwanza, alilisikia pamoja na hofu ya bwana anayemwogopa mtumwa wake. Hofu hiyo si urithi wa wengi wetu, kwani wengi wa wazee wetu walikuwa upande wa pili wa mjeledi (ingawa visiwani hapa si wote, na hilo halifichiki).

Hofu yetu ni nyingine, nayo ina jina: mumiani.

Wakubwa wetu wanazikumbuka habari hizo. Tangu enzi za ukoloni, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na hata ndani ya Kenya na Uganda, watu walisimuliana kuwa wako wanaozunguka usiku kuwakamata wapita njia na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa. Wengine waliwanyoshea kidole watu wa zimamoto na magari yao mekundu. Ukiyatazama masimulizi hayo kwa makini utaona kuwa hayakuwa juu ya majini wala mizimu. Yalikuwa juu ya vifaa: gari, sindano, mpira, ndoo. Mtu alikiona chombo asichoelezwa kazi yake, mikononi mwa mgeni asiyemjua, chini ya serikali ambayo haikumwuliza kitu alipohesabiwa, alipopimwa, alipodungwa na alipotozwa kodi. Akakisia kuwa chombo hicho kimekuja kuchukua, kwa kuwa hakupata kukiona kikileta.

Anayedhani kuwa hayo ni mambo ya zamani na akumbuke Oktoba 2016. Watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, watafiti wawili na dereva wao, walikwenda katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, kwa kazi ya utafiti wa udongo. Wakashukiwa kuwa ni wanyonya damu. Wakashambuliwa na kuuawa, na miili yao ikachomwa moto pamoja na gari lao. Hatuna neno la kuwatetea waliofanya unyama ule, wala hatusemi kuwa marehemu walikosea. Twasema tu kwamba watu hao hawakwenda na roboti. Walikwenda na gari na shughuli ya kuchukua udongo, nayo ikatosha. Seuze chombo kinachotembea peke yake, kinachozungumza, na kinachotaka kumgusa mtu mwilini?

Lakini sasa tutazame upande wa pili. Jina hilohilo la Selian ni la hospitali iliyoko Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Meru. Huko, na katika hospitali ya Kilutheri iliyopo mjini Arusha, wazazi kutoka vijijini huwakabidhi madaktari watoto wao ili mifupa ya miguu ikatwe na kunyooshwa. Watu wa nchi moja: hapa mgeni mwenye chombo huuawa, pale hupewa mtoto. Kinachotenganisha mambo haya mawili si elimu ya darasani, kama wasomi wetu wapendavyo kusema.

Kisa cha miguu hiyo kinatoka ardhini. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha madini ya floraidi. Mto mmoja wa upande wa mashariki huitwa Maji ya Chai, na jina hilo laeleza rangi yake. Floraidi kidogo huyaimarisha meno, lakini ikizidi huyatia rangi ya kahawia, na ikizidi zaidi, mwaka baada ya mwaka, huiingia mifupa ya mtoto anayekua hata akapata matege au magoti ya kugongana, na kwa wengine uti wa mgongo ukakakamaa. Magadi yanayotiwa katika makande na maharagwe ili yaive upesi nayo huongeza sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji, iliweka mwaka 1974 kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa nchi imefuata 1.5. Maana yake ni kuwa kipo kizazi kizima ambacho kanuni zenyewe zilikiruhusu kunywa maji ambayo leo zingeyakataa. Watu hao wapo, ni watu wazima, na kila wanapocheka huonyesha meno yaliyoandikwa historia hiyo.

Tangu mwaka 2008 iko Arusha nyumba iitwayo Plaster House, ambamo watoto hukaa kabla na baada ya upasuaji wa namna hii, miguu yao ikiwa imefungwa plasta, mpaka wapone na warudi kwao. Wamo wenye matege ya floraidi, wenye nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, na walioungua moto. Sisi twaona kuwa hapo ndipo penye jibu la lile tulilouliza. Mzazi wa Ngarenanyuki hakubali kisu kwa sababu amesoma habari za mifupa. Hukubali kwa kuwa amemwona mtoto wa jirani aliyeondoka na miguu ya upinde akarudi akiwa amenyooka. Tena hajaona chombo kikija usiku na kuondoka. Ameona nyumba yenye mlango na watu wanaojulikana kwa majina yao, ambao kesho akienda kulalamika atawakuta.

Kwa haki, upasuaji ni dawa ya baada ya mkasa. Dawa ya kabla ni maji. Kituo cha Ngurdoto, chini ya Meru, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na katika taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali, likampatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika, itolewayo na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Jiji lenyewe limefanyiwa mradi mkubwa wa maji uliotajwa kugharimu kiasi cha shilingi bilioni 520.

Msomaji Mwislamu akisikia habari za mkaa wa mifupa atauliza mara moja: mifupa ya mnyama gani? Swali hilo si la kipumbavu, na mtaalamu anayelicheka hafai kupelekwa kijijini. Ni swali lilelile linaloulizwa juu ya vali za moyo, ambazo nyingine hutengenezwa kwa chuma na nyingine kwa nyama ya ng'ombe au ya nguruwe. Mwili wa mtu si karakana, una heshima yake na dini yake. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kitakachoingizwa ndani yake kimetoka wapi, na masheikh wanajua milango ya dharura waliyowekewa. Ni juu ya daktari kusema kweli kabla ya kisu, si baada yake.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Huko, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha TATCOT, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Hiki ni chuo ambacho kila ofisa wa afya wa visiwani angelifaa kukijua kama anavyoijua njia ya kwenda Malindi bandarini. Maana mahitaji yapo. Zamani miguu ilipotea kwa ajali za mashambani na maradhi. Leo bodaboda na kisukari vinaongoza, na hivyo vyote viwili havikuvuka bahari kwa visa.

Tulipotazama kazi ya mafundi wa namna hii tulijifunza kuwa mguu bora si ule wa gharama kubwa. Mwaka 1968 huko Jaipur, India, fundi Ram Chander Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira kwa ajili ya watu wanaotembea pekupeku, wanaochuchumaa na wanaokaa chini. Mguu wa Ulaya wa wakati ule ulitengenezwa kwa mtu avaaye kiatu na akaliaye kiti. Mvishe mguu huo mkulima wa Kaskazini Unguja anayeingia bondeni kulima mpunga, au mtu yeyote anayetaka kuketi mkekani, kula sinia moja na wenzake, na kusujudu, utaona kuwa chombo kimemwongezea ulemavu badala ya kumpunguzia. Atauweka uvunguni na kurudia gongo lake. Kisha ripoti itaandika kuwa wananchi hawapendi teknolojia.

Na liko jambo la aibu pia, tusilifumbie macho. Watu wetu wanamshangilia mwenye jino la dhahabu, humheshimu mwenye miwani, lakini mwenye mguu wa bandia huuficha ndani ya kanzu au chini ya baibui, naye akipita watoto humfuata. Lugha yetu ina sehemu yake katika hili. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema, kibyongo: wote tumewaweka katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu, ingawa vitenzi vyao vimebaki kuwa vya watu. Leo twasema mtu mwenye ulemavu, na ni vyema. Lakini angalia ajabu iliyopo: waandishi wetu wengine huandika "roboti amewasili", kana kwamba ni mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege. Mwaka 2017 Saudia ilitangaza kuipa uraia roboti iitwayo Sophia, iliyoumbwa kwa sura ya kike. Wako watu wa mwambao huu waliokaa nchi za Ghuba miaka na miaka wakifanya kazi, nao hawakuupata.

Hata hivyo, kutoa jina si kosa kila mara. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, Rwanda ilipokea roboti tano za kupima joto la wagonjwa na kuwapelekea vyakula na dawa, ikaziita Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Ni majina ya Kinyarwanda yanayotamkika na kila mtu. Tena kazi zilizopewa zilieleweka: kumwepusha muuguzi na ugonjwa. Hata Kinshasa, tangu 2013, roboti za kuongoza magari zilizobuniwa na mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, zilisimama njia panda zikiwa zimetengenezwa nchini mwao wenyewe. Na dereva yeyote wa Afrika Mashariki ataona upesi faida ya askari wa barabarani asiyejua kuomba chai.

Visiwani hapa hatuko nyuma kama tunavyojidhania. Mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kurusha ndege nyuki kuipiga picha ardhi yote ya Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na mwaka 2019 ndege za namna hiyo zilinyunyiza katika mashamba ya mpunga ya Cheju kimiminika kinachotanda juu ya maji na kuwazuia viluwiluwi vya mbu wasipumue. Chombo kinachoruka juu ya nyumba za watu, kikipiga picha na kumwaga dawa: chungu kizima cha hofu ya mumiani kilikuwa tayari mekoni. Hakikuchemka. Warushaji wa ndege za ramani walikuwa watoto wa hapahapa, wenye shangazi zao katika vijiji hivyo.

Wenzetu wa Ulaya waliulizwa rasmi. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa mwaka 2012 katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya, watu 7 katika kila 10 walizisifu roboti kwa jumla, lakini 6 katika kila 10 walisema zipigwe marufuku katika kulea watoto, wazee na wenye ulemavu. Yaani waliikubali mashine iende mwezini, wakaikataa isimuoshe bibi yao. Sisi twaona walisema kweli, na ya kuwa mwanamke wa Ngaramtoni na mzee wa Wete wangejibu vivyo hivyo bila kuandikiwa fomu. Tofauti ni kwamba huku kwetu wa kumwosha bibi bado tunao. Tunayemkosa ni fundi.

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza na serikali zetu mbili. Nchi hii imepiga hatua za kweli katika kuunganisha mwili na chombo. Taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa mwaka 2015, huwawekea wagonjwa kile ambacho watu wamekiita betri ya moyo. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto, na mwaka huohuo figo. Zamani yote hayo yalimaanisha tiketi ya India. Lakini tulitafakari jina hilo, betri ya moyo, ambalo halikubuniwa na mtaalamu yeyote. Lina busara. Mwananchi ameshajua kwamba betri huisha, na anauliza: ikiisha baada ya miaka saba au kumi, nani ataibadilisha, na kwa fedha ya nani? Huyo si mshirikina anayeogopa sayansi. Ameziona trekta zilizokufa kwa kukosa kipuri, na mashine za hospitali zilizofunikwa shuka.

Wakati mwingine busara ni kupunguza chombo. Mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji huwekewa mpira wa kuyatoa maji hayo kichwani hadi tumboni, na mpira huo ukiziba akiwa mbali na hospitali, huweza kufa. Huko Mbale, Uganda, tangu mwaka 2001, daktari Benjamin Warf na wenzake waliendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo wenyewe, hata watoto wengi wakaishi bila mpira wowote. Wakuu wetu wa manunuzi, ambao hupenda kupigwa picha mbele ya mashine mpya, tungependa waione hospitali ile.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar nayo ina mfuko wake wa huduma za afya. Mijadala mingi imekuwa juu ya dawa na vitanda. Tunaomba mguu utajwe. Mtoto aliyepoteza mguu akiwa na umri wa miaka 6 hukua, na mguu wa bandia haukui naye. Kabla hajatimiza miaka 18 atauhitaji mguu mpya mara nyingi, pamoja na fundi wa kuupima, kuukata na kuukaza mikanda, katika kituo anachoweza kukifikia bila kulala njiani. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watakapoyafikia makadirio ya Wizara ya Afya, waulize mafundi hao wako wangapi Unguja, wako wangapi Pemba, na fedha za mguu wa pili, wa tatu na wa nne wa mtoto huyo zimeandikwa katika kifungu gani.